Pindo la Ukuta: Ufafanuzi wa Kazi ya Vigae vya Pindo katika Nyumba za Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matumizi ya vigae vya pindo, yaani vigae vyembamba vyenye nakshi vinavyozungushwa ukutani au sakafuni, katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba pindo ni kazi kabla ya kuwa pambo: hufunga kiungo, huweka kipimo na hutenga sehemu za chumba. Hoja hiyo inajengwa kwa hatua tatu. Kwanza, makala yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari kuhusu kingo za vitu. Pili, yanaonesha namna wajenzi wa kale wa Kilwa na Lamu walivyotumia kingo katika matumbawe na lipu ya chokaa. Tatu, yanaeleza kwa vipimo jinsi kigae cha pindo kinavyopangwa katika bafu la leo. Mwisho, makala yanabainisha hatari ya kuvihamishia vigae hivyo katika kuta za mawe ya matumbawe bila kuzingatia unyevu na chumvi, na yanapendekeza istilahi ya kutumiwa.

Maneno ya msingi: pindo, taraza, vigae, lipu ya chokaa, nyumba ya mawe, istilahi za ujenzi

1.0 Utangulizi

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, vigae vya ukutani huuzwa pamoja na vipande vyembamba vyenye maua, mistari au michoro ya kijiometri. Mafundi huviita mkanda au boda. Vipande hivyo hupangwa katika mstari mmoja unaozunguka kuta za bafu, jiko au ukumbi. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni urembo wa hiari unaoweza kuachwa pale fedha inapopungua.

Mtazamo huo una upungufu wa aina mbili. Upungufu wa kwanza ni wa kiufundi: anayeliona pindo kuwa urembo tu huliweka popote, ilhali mahali pake ndipo panapoamua kama mpangilio mzima wa vigae utakaa sawa na mlango, dirisha na kona. Upungufu wa pili ni wa kihistoria. Pwani ya Afrika Mashariki ina desturi ndefu ya kuzungushia kingo zenye nakshi milango, vidaka na kuta. Anayevichukulia vigae vya pindo kuwa ni kitu kigeni kabisa hukosa kuona kwamba vinachukua nafasi ya kitu kilichokuwepo, na kwamba mabadiliko hayo yana gharama, hususani katika nyumba za kale.

Kwa hiyo, swali linaloongoza makala haya ni hili: pindo linafanya nini katika ukuta? Jibu linatafutwa katika lugha, katika historia ya ujenzi na katika kazi ya fundi.

2.0 Maneno ya Kiswahili kuhusu kingo za vitu

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutaja ukingo wa kitu. Kila neno lina fikra yake, na fikra hizo zinasaidia kueleza kazi ya kigae cha pindo.

Neno la kwanza ni pindo. Linatokana na kitenzi pinda, na maana yake ya msingi ni sehemu ya nguo iliyokunjwa na kushonwa ili nyuzi zisifumuke. Pindo la namna hiyo halikuanza kuwa pambo. Lilianza kuwa kinga ya nguo. Katika kanga, neno hili limepata maana pana zaidi. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji. Mpangilio huu una kanuni. Mji hauwi mji mpaka uzungukwe na pindo. Bila pindo, kitambaa hicho ni doti la maua lisilo na mwanzo wala mwisho.

Neno la pili ni taraza. Hili ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya utepe mwembamba unaofumwa au kushonwa kwenye ukingo wa vazi kama kilemba au joho. Kitenzi chake ni tarizi. Tofauti na pindo, taraza ni kitu kinachoongezwa: utepe wenye nakshi zake huletwa na kuunganishwa na kitambaa kingine. Kigae cha pindo kina sifa hiyo pia, kwa kuwa hutengenezwa peke yake na kupachikwa baina ya vigae vya kawaida.

Neno la tatu ni ukingo, ambalo lina uhusiano na kitenzi kinga. Ukingo wa bakuli, wa mto au wa kitanda ni sehemu inayozuia kilichomo kisitoke au kilicho nje kisiingie. Kwa maana hiyo, kigae cha chini kabisa ya ukuta, ambacho mafundi hukiita skatingi, ni ukingo hasa: hukinga lipu dhidi ya maji ya kudekia na mapigo ya ufagio.

Neno la nne ni kigae chenyewe. Kabla ya kuwa jina la bidhaa ya kiwandani, kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Maana hiyo ingali hai, na wanaakiolojia wanaoandika kwa Kiswahili huitumia wanapotaja mabaki ya vyombo vya udongo. Jambo hili si la kupita tu, kwani, kama itakavyoonekana katika sehemu ifuatayo, vitu vya kwanza vyenye mng'ao kupachikwa katika kuta za pwani havikuwa vigae vya kiwandani bali vyombo vya kaure.

3.0 Pindo katika ukuta wa kale wa pwani

3.1 Matumbawe yaliyochongwa

Miji ya kale ya pwani ilijengwa kwa aina mbili za matumbawe. Aina ya kwanza ni mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyotumika kujazia kuta pamoja na chokaa. Aina ya pili ni matumbawe laini yaliyokatwa baharini. Haya huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na huwa magumu yakishakauka. Peter Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu usanifu wa awali wa Kiislamu wa pwani hii, anaonesha kuwa matumbawe laini yalitengewa sehemu zilizohitaji usahihi: fremu za milango, mihirabu, matao na kingo zenye nakshi.

Mgawanyo huo wa malighafi unafundisha jambo muhimu. Mjenzi hakueneza nakshi katika ukuta mzima. Aliiweka mahali ambapo ukuta unakoma na uwazi unaanza. Katika Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14, matumbawe yaliyochongwa hukutwa katika sehemu za namna hiyo, huku kuta pana zikiachwa na lipu tupu. Nakshi ilifuata kiungo.

3.2 Lipu ya chokaa ya Lamu

Karne ya 18 ndiyo iliyotuachia mifano bora zaidi ya mapambo ya ndani ya nyumba katika funguvisiwa la Lamu. Nyumba za mawe za Lamu zimeelezwa kwa kina na Usam Ghaidan katika kitabu chake cha mwaka 1975 na James de Vere Allen katika maandiko yake mbalimbali. Mpango wake unafahamika: mtu huingia kupitia daka, hupita kiwanda kilicho wazi juu, kisha hukuta misana miwili, wa tini na wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao kwa kawaida hauzidi mita 3 kwa kiasi kikubwa.

Katika nyumba hizi, lipu ya chokaa ilipakwa nene na kuchongwa papo hapo ukutani. Ukuta wa ndani ungeweza kujazwa zidaka, yaani vidaka vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kidaka kilizungushiwa ukanda wake. Kanda hizi zina vitu vidogo vinavyorudiwa: shanga, maua ya duara, majani, na mistari inayosokotana kama kamba. Upana wake ni mdogo, lakini ndizo zinazoufanya ukuta usomeke. Bila kanda hizo, zidaka zingeonekana kama mashimo tu.

Linda Donley-Reid, katika tafiti zake za miaka ya 1980, alizihusisha zidaka na vyombo vilivyowekwa ndani yake na kinga ya wanawake na ya watoto dhidi ya husuda na najisi, hasa kwa kuwa chumba cha ndani kilihusishwa na uzazi na mauti. Watafiti wa baadaye wametahadharisha dhidi ya kuzichukua maana zilizokusanywa katika karne ya 20 na kuzipeleka moja kwa moja karne kadhaa nyuma. Tahadhari hiyo ni ya haki, na inahusu pia tafsiri maarufu za milango ya Unguja, kama ile inayosema kuwa mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni alama ya ulinzi. Hata hivyo, bila kuamua suala la alama, kuna jambo linaloonekana kwa macho: nakshi huongezeka kadiri mtu anavyovuka kutoka nafasi moja kwenda nyingine, na huwa nyingi zaidi kwenye kizingiti na fremu.

3.3 Kaure ukutani

Pwani hii haikuendeleza desturi ya kufunika ukuta kwa vigae vyenye mng'ao kama ilivyokuwa Moroko, ambako madrasa ya Bou Inania mjini Fez, iliyojengwa katikati ya karne ya 14, ina kuta za ngazi kadhaa: vigae chini, ukanda wa maandishi, lipu iliyochongwa, na juu mbao. Waswahili walikuwa na njia nyingine. Walipachika mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina na Uajemi katika kuta, dari na makaburi. Alama za vyombo hivyo zimebaki katika magofu kadhaa, na makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mfano ulio karibu na wasomaji wengi.

Mifano hii miwili, wa Fez na wa pwani, inakubaliana katika jambo moja. Kitu chenye mng'ao hakikuachwa kielee katikati ya ukuta. Kilitiwa ndani ya fremu: ukanda wa maandishi kule, duara au mraba wa lipu huku. Pindo ndilo lililokiunganisha kitu kigumu chenye mng'ao na ukuta laini wa chokaa.

4.0 Kazi za kigae cha pindo katika nyumba ya leo

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, kazi za pindo zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Makundi haya yanahusu pia nyumba mpya ya matofali ya saruji, ambako vigae vya kiwandani hutumika kwa wingi.

4.1 Kufunga kiungo

Vigae vinapoishia katikati ya ukuta, hubaki ncha iliyo wazi yenye unene wa vigae pamoja na gundi yake. Ncha hiyo hukusanya vumbi, hupitisha maji nyuma ya vigae na humeguka kirahisi. Kigae cha pindo chenye ukingo wa mviringo huifunika ncha hiyo na kukutana na lipu kwa ustadi. Hapa pindo linafanya kazi ileile ya pindo la nguo, yaani kuzuia ufumukaji.

Kwa sababu hiyo, unene ni jambo la kuangaliwa kabla ya rangi. Vipande vya kioo au mawe madogo vilivyogandishwa kwenye wavu huwa vyembamba kuliko vigae vya kawaida. Vikipachikwa kwa kiasi kilekile cha gundi, vitazama ndani ya ukuta na kuacha mfereji wa kukusanya maji. Fundi hana budi kuinua kitako cha pindo kwanza kwa gundi na kukiacha kikauke. Vilevile, pindo lenye maua yaliyotuna hupendeza katika ukumbi, lakini nyuma ya jiko la kupikia hushika mafuta na moshi katika kila pembe.

4.2 Kuweka kipimo

Kazi ya pili haionekani kirahisi, nayo ndiyo inayomtofautisha fundi hodari na wa kawaida. Pindo linaweza kutumika kurekebisha hesabu ya ukuta.

Tuchukue bafu lenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 240, lenye mlango wa upana wa sentimita 80 katikati ya ukuta mmoja mfupi. Kizingiti cha juu kiko sentimita 210 kutoka sakafuni. Vigae ni vya sentimita 25 kwa 40, vikisimamishwa wima, na nafasi baina yake ni milimita 3. Safu 5 zenye nafasi 4 zinafikia sentimita 201.2. Mwanya wa karibu sentimita 9 unabaki kabla ya kizingiti. Fundi asiye na pindo atalazimika kukata safu nzima ya vigae kuwa vipande vya sentimita 8 na ushee, navyo vitaonekana kama viraka. Likiongezwa pindo la sentimita 8 pamoja na nafasi yake, urefu unakuwa sentimita 209.5. Nusu sentimita iliyobaki inamezwa na maungio ya sakafu na kizingiti. Hivyo, pindo limemaliza tatizo ambalo saruji isingelimaliza.

Pindo hilo si lazima liwe juu. Linaweza kuwekwa baada ya safu ya tatu, karibu sentimita 120 kutoka sakafuni, na safu mbili zikafuata juu yake. Jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni jinsi chumba kinavyoonekana: pindo la katikati hukipunguzia chumba urefu na kukipa upana, pindo la juu huacha ukuta uonekane mrefu. Katika bafu dogo lenye dari ya chini, pindo la juu hufaa zaidi.

Hesabu ya mlalo ina kanuni yake pia. Pindo huwa na nakshi inayorudiwa, hivyo jicho hugundua mara moja pale inapokatwa vibaya. Katika ukuta wa sentimita 150, vipande 6 vya sentimita 25 pamoja na nafasi 5 vinahitaji sentimita 151.5, haviingii. Fundi huweka kipande kimoja katikati kabisa ya ukuta na kuenda kushoto na kulia. Vipande 5 vizima vitachukua sentimita 126.2, na kila pembe itabaki na kipande cha sentimita 11.6. Katika ukuta wa sentimita 240, akianza kwa kipande katikati atapata vipande 9 vizima na vipande vya sentimita 6 tu pembeni, ambavyo ni vidogo mno. Akianza kwa maungio katikati atapata vipande 8 vizima na vipande vya zaidi ya sentimita 18 kila upande. Njia ya pili ndiyo sahihi. Kanuni kwa ufupi ni kwamba kipande cha pembeni kisiwe chini sana ya nusu ya kipande kizima.

Hesabu hii inagusa pia ununuzi. Kwa pindo lililo chini ya kizingiti, mzingo wa chumba ni sentimita 780. Ukiondoa mlango, zinabaki sentimita 700, sawa na vipande 28 kwa hesabu ya urefu. Hesabu ya ukuta kwa ukuta inatoa vipande 6 kwa ukuta mfupi mzima, 10 kwa kila ukuta mrefu, na 3 kwa ukuta wenye mlango. Jumla ni 29. Akinunua 28, mwenye nyumba atapungukiwa na kimoja, na toleo jingine la kiwanda huweza kuwa na rangi tofauti kidogo. Nyongeza ya asilimia 10, yaani vipande 31, inaondoa hatari hiyo.

4.3 Kutenga sehemu

Kazi ya tatu ni kuonesha kwamba nafasi moja imekoma na nyingine imeanza. Katika nyumba nyingi za sasa, sebule na sehemu ya kulia chakula huwa katika ukumbi mmoja usio na ukuta wa kati. Pindo la sakafuni huweza kuzitenga. Mpangilio wake unafanana na kanga: sehemu ya kati ni mji, unaozungukwa na pindo, na nje ya pindo kuna vigae vya kawaida hadi ukutani.

Ukanda huo wa nje ni wa lazima, kwa kuwa vyumba vichache huwa na pembe za mraba kamili. Pindo likigusishwa ukuta, kila kasoro ya ukuta itaonekana, maana jicho hulinganisha mstari ulionyooka na ukuta uliopinda. Pindo likisogezwa ndani kwa kigae kimoja au kimoja na nusu, kasoro hiyo huhamia katika vigae vya kukatwa vilivyo pembeni, ambako samani huzificha. Ni desturi nzuri kulipima pindo kutokana na mlango mkuu wa chumba, si kutokana na ukuta ulio mrefu zaidi, kwa kuwa mlangoni ndipo mgeni husimama anapokitazama chumba kwa mara ya kwanza.

5.0 Pindo la vigae katika nyumba ya mawe na chokaa

Maelezo ya sehemu iliyopita yanahusu ukuta wa saruji. Mambo huwa tofauti pale vigae hivyohivyo vinapopelekwa katika nyumba za kale za Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Hadhi hiyo inaitazama miji yenyewe, lakini uharibifu mwingi huanzia ndani ya nyumba, mahali ambapo mpita njia haoni.

Ukuta wa matumbawe na chokaa una vitundu vidogo vingi. Hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Lipu hiyo ni kama ngozi inayotoa jasho. Hali hii inapoachwa ifuate njia yake, maji hupanda kwa kiasi kisha hukoma, kwa kuwa yanayopanda na yanayokauka yanalingana. Lipu huchakaa taratibu, nayo hupakwa upya kwa chokaa kila baada ya muda. Matengenezo hayo ni sehemu ya maisha ya nyumba ya mawe.

Mwenye nyumba anapochoka na lipu inayobanduka, mara nyingi hushauriwa kupiga saruji na kubandika vigae hadi usawa wa kiuno, kisha kumalizia kwa pindo. Kwa miezi ya mwanzo ukuta hupendeza. Lakini maji hayajaondoka; yamefungiwa njia. Huendelea kupanda nyuma ya vigae hadi yapate pa kutokea, na mahali hapo ni juu kidogo ya pindo. Hapo chumvi hujikusanya na kuganda, rangi hutoa malengelenge na lipu hugeuka unga. Mwenye nyumba huongeza safu nyingine ya vigae na kulihamisha pindo juu zaidi, na unyevu hulifuata. Sakafu isiyopitisha maji huongeza tatizo, kwa kuwa unyevu uliokuwa ukitoka sakafuni husukumwa kuelekea kwenye kuta. Hatimaye unyevu hufika kwenye fremu za milango na, katika kuta fupi, kwenye vichwa vya boriti.

Hali hii inathibitisha hoja kuu ya makala kwa njia ya kinyume. Pindo la lipu ya Lamu lilikuwa la malighafi ileile ya ukuta. Lilikunjwa kutoka katika kitambaa chenyewe, tukitumia mfano wa nguo. Pindo la vigae ni taraza: limeletwa kutoka nje na kushonwa. Taraza ngumu kwenye kitambaa laini hukichana kitambaa, si taraza. Vigae hubaki vizima na vinang'aa, ilhali ukuta uliovibeba unameguka.

Kutokana na hayo, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kuta za chini zinazogusa ardhi zisifunikwe kwa vigae. Zirudishiwe lipu ya chokaa, na pindo likihitajika lichongwe humo humo. Pili, bafu linapokuwa la lazima, vigae vibandikwe kwenye ukuta mwembamba mpya uliotengwa na ukuta wa kale kwa nafasi inayopitisha hewa. Tatu, lipu ya zamani yenye nakshi isivunjwe ili kutafuta ukuta ulionyooka. Nakshi iliyochongwa papo hapo haiwezi kung'olewa na kurudishwa. Nne, panapohitajika mng'ao, kipande kimoja cha kaure au kigae kilichowekwa katika kidaka hutosheleza haja hiyo na kuacha ukuta mzima ukipumua. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi ya wenyeji wa pwani wenyewe.

6.0 Pendekezo la istilahi

Majina yanayotumika sasa katika biashara ya vigae hayajatulia. Nchini Tanzania, marumaru, ambalo kwa asili ni jina la jiwe, hutumika pia kwa vigae vya kiwandani. Boda hutumika kwa kila kitu chembamba, kiwe cha chini, cha kati au cha juu. Mkanganyiko huu si wa wanaisimu peke yao. Mteja anayeagiza boda huweza kuletewa skatingi, na mkataba wa ujenzi unaotaja boda bila ufafanuzi ni chanzo cha ugomvi.

Makala haya yanapendekeza mgawanyo unaofuata kazi. Kigae cha ukingo kitumike kwa kile cha chini ya ukuta, kwa sababu kazi yake ni kukinga. Kigae cha pindo kitumike kwa kile kinachomalizia eneo lenye vigae, ukutani au sakafuni, kwa sababu kazi yake ni kufunga na kuzungushia. Kigae cha taraza kitumike kwa ukanda wenye nakshi unaopita katikati ya vigae vingine, ambao umeongezwa kwa ajili ya kipimo na urembo. Marumaru libaki kwa jiwe. Maneno haya yana faida ya kuwa tayari yamo katika lugha, yana uwazi kwa msemaji wa kawaida, na yanazalisha maneno mengine bila taabu: kupinda ukuta, kutarizi sakafu, mpindo wa juu, taraza ya kati.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba pindo, katika nguo na katika ukuta, ni mahali ambapo vitu viwili vinakutana na panahitajika uamuzi. Wachongaji wa Kilwa na Lamu waliweka nakshi zao mahali hapo. Fundi wa leo, anapopima ukuta kutoka katikati na kulipeleka pindo hadi usawa wa kizingiti, anafanya uamuzi wa aina hiyohiyo kwa malighafi nyingine. Tofauti inajitokeza pale malighafi mbili zinapokosa kuafikiana, nayo inaonekana wazi zaidi katika kuta za matumbawe zilizofunikwa kwa vigae.

Kuna haja ya utafiti zaidi katika maeneo mawili. La kwanza ni ukusanyaji wa msamiati wa wachongaji wa lipu na waashi wa chokaa, ambao maarifa yao hupotea kila nyumba ya mawe inapotiwa saruji. La pili ni upimaji wa unyevu katika nyumba zilizowekwa vigae na zilizobaki na chokaa katika mtaa mmoja, ili ushauri unaotolewa kwa wenye nyumba uwe na vipimo vya mahali. Wakati tafiti hizo zikisubiriwa, fundi anayeingia katika nyumba ya mawe aanze kwa kuuliza ukuta umejengwa kwa nini, ndipo aulizie rangi ya pindo.